Ofisi Ndogo ya Ruzuku, Mbagala

Nchi hii ina wizara mbili za kilimo. Ya kwanza iko Dodoma, ina waziri, ina katibu mkuu, ina magari, na bajeti yake husomwa bungeni watu wakigonga meza. Ya pili iko Mbagala, mtaa wa nyuma ya Zakhem, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule ambayo hadi leo haijapigwa plasta upande wa uani. Hiyo ya pili ni mimi. Sina katibu wala dereva. Nina simu yenye kioo kilichopasuka, na bajeti yangu haisomwi na mtu yeyote isipokuwa mke wangu, ambaye huisoma usiku nikishalala, kwenye meseji za miamala.

Nikisema hivi kijiweni watu hucheka, wakaendelea na kahawa yao. Basi ngoja niwawekee hesabu mezani.

Mwaka 2022, Urusi ilipoingia Ukraine, mbolea ilipanda bei dunia nzima. Huku kwetu mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile ya kupandia, ulivuka shilingi 130,000. Urea ya kukuzia nayo ikavuka 120,000. Watu walilia. Mimi, Mungu anisamehe, sikulia. Kaka yangu analima ekari tatu za mahindi upande wa Songea, na miezi ile ndiyo niliyoishi kwa amani kuliko yote tangu nihamie mjini, kwa sababu hakuna ndugu mwenye haya anayeweza kupiga simu akaomba kitu cha laki na thelathini, tena mifuko mitatu. Alikuwa ananipigia kunisalimia tu. Tunaongea Simba na Yanga, tunaulizana afya za watoto, tunakata.

Halafu ikaja Nanenane. Tarehe 8 Agosti 2022, pale Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mbolea ya ruzuku. DAP ikashushwa hadi 70,000. Urea, 70,000. CAN, 60,000. Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 150 za kubeba tofauti. Wakulima wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana si kila siku kitu kinashuka bei Tanzania. Lakini mimi nilikaa mbele ya luninga nikiiona bei inavyoteremka, laki na thelathini, laki, tisini, themanini, hadi ikaja kusimama mlangoni kwangu. Elfu sabini ni bei ambayo ndugu anaweza kuitamka.

Simu iliita kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba mdogo wangu. Umesikia alichotufanyia Mama Samia?”

“Nimesikia.”

“Serikali imejitahidi sana. Imemaliza nusu yake.”

Akanyamaza. Mtu wa kwetu akinyamaza kwenye simu aliyoipiga yeye, kwa salio lake mwenyewe, ujue ule ukimya una bei.

Ekari tatu, kila ekari mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, ni mifuko sita. Sita mara elfu sabini ni laki nne na ishirini. Kwa mifuko hiyohiyo sita, ukipiga tofauti ya bei ya zamani na mpya, Serikali ilikuwa imetoa kama laki tatu na nusu. Kwa hiyo kwenye shamba lile la Songea mfadhili mkuu alikuwa ni mimi, na Jamhuri ya Muungano ilikuwa mfadhili mwenza. Nimetafuta picha yangu kwenye mabango ya Nanenane sikuiona.

Na hapo sijaweka vitu vidogo vidogo, ambavyo ndivyo vinavyoua. Mbolea ya ruzuku haitui shambani. Kwanza mkulima ajiandikishe kwenye daftari la wakulima kijijini, apewe namba. Namba ile aende nayo kwa wakala, na wakala hakai kijijini, anakaa mjini penye duka. Kwa hiyo bodaboda ya kwenda. Akifika anakuta foleni ya wenzake waliotoka vijiji vingine alfajiri kumshinda yeye. Foleni ikisogea mtandao unakata, namba haihakikiki, mbolea anaiona kwa macho imepangwa hadi darini lakini haitoki bila mtandao kukubali. Analala kwa mtu. Aliyelala kwa mtu haendi mikono mitupu. Asubuhi mtandao unarudi, anapata mifuko yake, sasa bodaboda ya kurudi haibebi mtu na mifuko sita, inatafutwa pikapu ya kuchangia. Kila hatua ya safari hiyo ilinifikia Mbagala kwa meseji, moja moja, na kila meseji iliishia na yale maneno ambayo kila mtumaji pesa wa nchi hii anayaota usiku: “weka na ya kutolea.”

Ya kutolea! Nani alikaa akagundua kwamba anayetoa msaada alipie na gharama ya msaada kupokelewa? Tena mjue tulitoka wapi. Julai 2021 tuliwekewa tozo ya miamala ya simu. Ukituma pesa, unakatwa na kampuni, unakatwa na Serikali, na kule anayetoa naye anakatwa. Watu walipiga kelele, ikapunguzwa, watu wakapiga kelele tena, ikapunguzwa tena, hadi Julai 2023 ndipo ile ya kutuma ikaondolewa. Maana yake ni kwamba msimu ule wa kwanza wa ruzuku, Serikali ilimpa kaka punguzo la mbolea kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikanitoza mimi kwa kumtumia pesa ya kwenda kulichukua hilo punguzo. Sisemi ilikuwa makusudi. Nasema tu kwamba mikono yote miwili ilipita mfukoni kwangu.

Wazee wa kijiwe husema mambo haya yameanza juzi. Hayajaanza juzi. Mimi nilianza kazi Dar wakati wa vocha, na vocha nazikumbuka vizuri kwa sababu zilinifanya nichelewe kuoa. Msimu wa 2008/09 Serikali ilileta mfumo wa vocha za pembejeo, na Benki ya Dunia ikaweka mkopo wake humo. Kaya inapewa vocha za ekari moja: mfuko wa kupandia, mfuko wa kukuzia, na mbegu bora. Kamati ya kijiji ndiyo inayochagua nani apewe. Na vocha ile ililipa kiasi gani? Nusu. Nusu ya pili mkulima anaongeza mwenyewe. Waliopanga mfumo ule, wenye digrii zao, waliandika kwenye makabrasha kwamba mkulima atachangia nusu ya gharama. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza mimi, niliyekuwa napanga chumba kimoja Mtoni kwa Aziz Ali, kama nina nusu.

Wapo wakulima walioshindwa kuongeza hiyo nusu, na hao vocha zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Wapo waliotia saini vocha wasiione mbolea. Baadaye likaja lile neno la pembejeo hewa, na mawakala wakawa wanadai Serikali, na Serikali inasema tunahakiki kwanza, maana kwenye orodha kulikuwa na waliokufa zamani. Kaka yangu alipata vocha zake halali. Ila alipewa Minjingu badala ya DAP. Ni mbolea yetu wenyewe, inachimbwa huko Manyara, na wataalamu wanaisifu, lakini wakati ule ilikuja kama vumbi. Kaka akapiga simu ya malalamiko. Hakuipiga Wizarani, aliipiga kwangu. Nikajikuta nimesimama kwenye daladala la Mbagala, nimebanwa kwapani mwa mtu, naeleza faida za fosfeti ya asili kwenye udongo wenye tindikali.

Baba alituambia kwamba enzi zao mbolea ilikuja kwa chama cha ushirika, kwa mkopo, na bei yake ilikuwa imeshabebwa na Serikali. Miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku ile ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka ikafutwa, wafadhili wakisema soko huria litaziba pengo. Pengo liliachwa wazi miaka mingi hadi tulipokua tukalipwa mishahara, tukaliziba sisi.

Huo ni upande wangu. Kuna upande wa pili, na huo nauzungumzia kwa sauti ya chini kwa sababu mwenyewe yuko jikoni.

Mke wangu ni wa Newala. Kwao ni korosho. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima kamili, na kwa heshima hiyo hajawahi kuniomba hata shilingi mia. Akipiga simu kwangu ni salamu, dua na pole za kazi. Maombi hupitia kwa binti yake, na binti yake huyawasilisha saa nne usiku, taa ikishazimwa, nikiwa sina pa kukimbilia. “Mama anasema salfa imeshafika.” Naitikia, “Alhamdulillahi.” Kwa misimu ya karibuni salfa imekuwa ikigawiwa bure kwa wakulima waliosajiliwa na Bodi ya Korosho, mifuko ya kilo 25, ya kupulizia mikorosho isiliwe na ubwiri unga. Mwanzoni niliposikia bure nililala usingizi mzuri. Bure! Hapana nusu, hapana nyongeza.

Kumbe salfa ikishafika bure haiingii kwenye mkorosho yenyewe. Inataka mashine ya kupulizia. Mashine inataka petroli na oili. Inataka kijana wa kuibeba mgongoni alfajiri, kabla upepo haujaamka, na kijana huyo anajua kwamba mama ana mkwe Dar es Salaam. Bei yake imeshaongezwa kwa kuangalia hilo. Kabla ya hapo kuna palizi, maana huwezi kupulizia msitu. Nilipopiga jumla niliona afadhali ile ya kaka ya nusu kwa nusu. Hii ya bure ni ghali zaidi.

Mwaka ambao sitausahau ni 2018. Minada ilipofunguliwa wakulima wakakataa bei za wanunuzi, na Novemba ile Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapeleka malori kuisomba. Mama mkwe alifurahi, nami nikafurahi, nikaanza hata kuulizia bei ya saruji ya ile plasta ya uani. Halafu likaja neno uhakiki. Kulikuwa na msako wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima wenye njaa kwa bei ya chini kabla ya msimu, kisha wanaziuza kama zao. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walikaguliwa hadi shambani, waonyeshe mikorosho yao. Wengi wakangoja malipo mpaka mwaka uliofuata.

Usiku mmoja nilijigeuza kitandani nikaona hatari iliyokuwa mbele yangu. Mimi nilitoa pesa mwezi wa saba wakati wa kupulizia. Niliahidiwa nitakumbukwa mwezi wa kumi na moja. Mbele ya mkaguzi mkali, huyo ni nani kama si kangomba? Tofauti yangu na kangomba ni moja tu: kangomba hatimaye hupata korosho.

Nimewahi kusoma kwamba Ulaya kuna ruzuku za kilimo kubwa kiasi kwamba hata Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa kwenye orodha ya wanaolipwa, kwa ajili ya mashamba yake ya Sandringham. Marekani nako wamegundua watu wengi wanaoishi kwenye ghorofa za mijini, hawajashika jembe, lakini kila mwaka wanapokea hundi ya ruzuku kwa sababu wana shamba mahali fulani. Wenzetu wanaliona hilo ni kashfa. Waandishi wanalifukunyua. Niliposoma nilitikisa kichwa kwa wivu. Huko mtu wa mjini analipwa kwa sababu ya shamba la kijijini. Hapa mtu wa mjini analipia shamba la kijijini, na waandishi walikuwa wakipita nyumbani kwake wakienda kumhoji Malkia.

Kwa haki kabisa, niseme kwamba nimefikia malengo ya kimataifa. Viongozi wa Afrika walikutana Maputo mwaka 2003 wakaazimia kila nchi itenge asilimia 10 ya bajeti yake kwa kilimo. Serikali nyingi zimesuasua kwenye azimio hilo mpaka leo. Bajeti yetu ya kilimo iliruka kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, tukapiga makofi. Nyumba yangu imeivuka asilimia 10 kila mwaka bila kupigiwa makofi na mtu, na Maputo sijawahi kualikwa.

Jirani yangu, mstaafu mmoja wa Chamazi, huniambia tatizo langu ni kwamba natoa pesa bila kulima. “Lima mwenyewe, uwe kwenye daftari, ruzuku uipate wewe.” Yeye ni mkulima wa simu. Shamba lake la matikiti liko Rufiji, kijana wa shamba humtumia picha WhatsApp, na hesabu zake za faida anazo kwenye simu: ekari moja ina mashimo kadhaa, kila shimo matikiti mawili, kila tikiti shilingi elfu mbili, jumla mamilioni. Nimeziangalia picha za tangu mwaka jana. Zote ni tikiti lilelile, limepigwa picha upande tofauti.

Wala siwezi kujiandikisha. Daftari liko kijijini, na mtendaji wa kijiji hanijui kama mkulima. Ananijua kama yule wa Dar anayetuma. Kwa hiyo mimi ambaye nimelipia mifuko mingi kuliko nusu ya kitongoji chetu, kisheria sina hata bua moja la mhindi.

Ubaya wa kilimo ni majira yake. DAP inatakiwa Novemba na Desemba, mvua za kwanza. Urea inatakiwa mahindi yakifika magotini, yaani Januari. Januari! Elimu bila ada ipo, lakini sare ipo pia, na viatu, na madaftari, na michango ambayo haiitwi ada. Mwenye nyumba wa duka la mke wangu naye anataka kodi ya miezi sita. Mahindi ya Songea hayajui hayo. Yanafika magotini yanasimama yanangoja. Januari moja nililazimika kwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, na yule dada aliyekuwa akijaza fomu aliniuliza mkopo ni wa biashara gani. Nikasema kilimo. Akanitazama kucha, zilikuwa safi, akaandika “mengineyo”.

Sasa mtaniuliza, na faida? Mahindi si yalikomaa? Yalikomaa. Kaka ni mkulima hodari, hilo silibishi. Mbolea ikifika kwake haipotei. Lakini mwanzoni mwa 2023 kilo ya sembe huku kwetu ilikaribia shilingi 2,000, na nilikuwa nainunua dukani, pakiti kwa pakiti, wakati kihenge cha kaka kilikuwa na mahindi niliyoyajua tangu yakiwa mfuko wa kupandia. Niliwahi kulidokeza jambo hilo kwa adabu. Kaka akasema gunia likisafirishwa kwa basi hadi kituo cha Mbezi, kisha likavuka mji mzima hadi Mbagala, litakuwa limenigharimu kuliko la dukani. Nikapiga hesabu nikitafuta kosa. Sikulipata.

Msimu wa 2024/25 simu iliita tena. Nilijua kuna habari njema kwa jinsi alivyonisalimia kwa jina la utoto.

“Mdogo wangu, mwaka huu mambo ni mazuri zaidi. Ruzuku imeongezwa. Sasa hata mbegu za mahindi zimo.”

Nikakaa chini. Mbolea nusu, mbegu nazo sasa zimeingia kwenye bei ya kutamkika. Nilituma, na ya kutolea. Ila safari hii nikajikaza kiume nikasema: kaka, mwaka huu tukivuna nataka gunia langu moja, nauli ya huku nitajua mwenyewe. Akasema hilo tu? Akacheka, akasema limeisha hilo.

Mavuno yakaja. Nikapiga mimi.

“Gunia lako lipo,” akasema. “Nimelitenga kabisa. Sasa sikiliza, soko la mwaka huu limechangamka, wanunuzi wako mpaka getini, na hapa kuna madeni. Lakini wewe ni damu yangu, siwezi kukuuzia bei ya mtu baki. Wewe nakupa kwa ruzuku. Nusu yangu, nusu yako.”

“Na usafiri, kaka?”

“Ah, usafiri mdogo wangu, huo hauna ruzuku.”